Ngwe ya Pembeni

Neno alilolichukia kuliko matusi yote lilikuwa "kaa tu." Ungeweza kumtukana yeye na ukoo wake, angekurudishia tusi kubwa zaidi na mngeendelea na mazungumzo. Lakini thubutu kumwambia mtu mbele yake, "Aa, wewe kaa tu, tutafanya sisi." Weee! Uso ulikunjamana, midomo ikabanwa, na siku hiyo hakuna aliyepata salamu yake tena. Leo mimi ni bibi kizee hapa Oli, mtaani Arua, nauza karanga za kusaga mlangoni kwangu, na kila jirani mwenye adabu ananiambia kaa tu, bibi. Wananiambia kwa mapenzi, najua. Ndipo namkumbuka yeye, na roho inaniuma.

Sote tulimwita Mkata-ngwe. Jina la nyumbani alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia. Miaka ile ya sabini, kule Lurujo upande wa Koboko, watu walilima kwa zamu, leo shamba la huyu, keshokutwa la yule, mpaka kila nyumba imepata. Asubuhi, jua kabla halijachoma, yeye alitangulia na kamba yake ya katani na vigingi, akaligawa shamba vipande virefu vyembamba, kila mlimaji na chake. Kipande hicho ndicho ngwe. Unalima yako kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukifika kichwani unapaza sauti, "Imeisha!" Halafu huendi popote. Unasimama hapo hapo umeegemea jembe, mpaka yule wa nyuma kabisa naye aseme yake. Hapo ndipo safu nyingine inakatwa. Safu zikimalizika wote mnaongozana kwenye vyungu, cha pombe ya mtama kwa wanywaji, cha uji kwa Waislamu na walokole. Na kuingia katika ngwe ya mwenzako kabla hajakuita, hiyo ilikuwa aibu sawa na kuingia chumbani mwake bila hodi.

Sasa ngwe zake hazikulingana. Ulipokuwa ukifika shambani alikuwa ameshakutazama unavyotembea, unavyobeba jembe, kama ulikohoa njiani, kama mtoto alikunyima usingizi. Huyu alimpa pana, yule nyembamba, na yule aliyepewa pana jana akiwa na homa leo alipunguziwa bila kuulizwa. Lakini kwenye chungu kibuyu kilikuwa kimoja, na kilijazwa mpaka ukingoni kwa kila mtu. "Nguvu ya mutu mimi nakuta tu, sikumupa," alisema. "Lakini kibuyu napima mimi. Kibuyu iko sawa."

Mimi nilifika kwao kwa mlango wa ndoa. Mume wangu alikuwa wa Lurujo, mfanyabiashara, akanitoa kwetu Kongo akanileta. Hatukukaa sana. Lori tulilopanda lilipinduka katika barabara ya kutoka Arua, yeye tukamzika, na mkono wangu wa kulia ukapona vibaya, kuanzia kiwiko kwenda chini hauna nguvu ya kufinya hata ndimu. Mtoto sikuwa naye. Wanawake pale waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani, mama fulani. Mimi waliniita Mukongo.

Kaka wa marehemu mume wangu, shemeji yangu, alikuwa askari mstaafu, na hata kwenda kisimani alikwenda kwa gwaride. Alikuja kunipa pole, akakaa, akanywa maji, kisha akasema kwa upole sana kwamba shamba si la kutazama. Likipita msimu halijalimwa, linarudi kwa familia. Na mimi je? Mimi nina ndugu Kongo, si ndiyo? Nilimsindikiza hadi njiani nikarudi nikakaa chini. Kwa mkono mmoja nisingeweza kulilima lile shamba peke yangu. Njia ilikuwa moja tu, niingie kwenye zamu, na ili wakulimie wewe sharti uwalimie wao.

Asubuhi ya kwanza wanawake walinionea huruma kweli. "Mama, pole. Wewe kaa tu hapa kwa moto, utatusaidia kukoroga uji." Nilishukuru hadi nikataka kulia. Nikashika mwiko. Mara Mkata-ngwe akaja na kamba yake begani.

"Huyu anakaa kwa nini?"

"Mzee, mkono yake iko mbaya."

"Mkono nimeona. Mimi nauliza mutu."

Akanitazama juu chini kama mnunuzi wa mbuzi. Akaenda zake hadi ukingoni mwa shamba, kwenye kichuguu, akapigilia kigingi, akavuta kamba, akapigilia kingine. Kipande chenyewe hakikuzidi upana wa mkeka.

"Mukongo! Yako hii."

"Mzee, siwezi."

"Hii unaweza. Nimepima."

Watu wakacheka, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikalishika jembe kwa mkono wa kushoto, mpini nikaubana kwapani, nikaanza kuparura. Kila pigo lilinifika mbavuni. Lakini ajabu ni kwamba wakati wenzangu wanaanza kupaza sauti huku na huku, "Imeisha! Imeisha!", mimi nami nikajikuta kichwani mwa ngwe. Nikasema yangu. Hakuna aliyepiga makofi. Yeye hata hakugeuka. Kwenye chungu kibuyu changu kikajazwa hadi ukingoni, nikakipokea kwa mkono wenye malengelenge, nikaenda kulia nyuma ya nyumba. Nilimshukuru, na nilimchukia pia, maana alikuwa amenivua ugonjwa wangu mbele ya watu.

Usidhani alikuwa mpole. Mdomo wake ulikuwa mchafu. "Mukongo, unalima kama kuku imepoteza mtoto!" Hayo niliyasikia msimu mzima. Alimwita kijana mmoja mvivu mkia wa mbuzi mbele ya wakwe zake. Aliyelegea kwa makusudi alimjua kwa mbali, na huyo ngwe yake ilipanuliwa kesho yake bila maelezo. Nikamwambia siku moja, "Mzee, wewe ungekuwa hakimu, jela zingejaa." Akasema jela haina kitu, watu wanakaa tu.

Na majivuno, jamani! Ngwe yake mwenyewe aliikata katikati, karibu na njia, pana kuliko zote, ili wapita njia wamwone. Magoti yalikuwa yameanza kulia kila akiinama, na bado alitaka awe wa kwanza kusema imeisha. Sasa msimu mmoja binti wa mfinyanzi, msichana mwembamba mwenye mikono mirefu, akasema kabla yake.  Mzee alinuna siku kadhaa, anampita binti wa watu njiani kama hamjui. Zamu iliyofuata sote tulikuwa tunaitazama kamba. Akampimia yule binti ngwe sawasawa na yake. Kisha akarudi kwenye yake akaiongeza. Siku hiyo alikuwa wa mwisho kumaliza, sote tukamngoja tumeegemea majembe, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka tulipofika majumbani.

Kitu kimoja sikukielewa kwa muda mrefu. Alipokwisha kumjazia kila mtu kibuyu chake, yeye alichukua chake akaenda nyuma ya ghala, akanywa ametupa mgongo. Nyumbani kwake kulikuwa na kigoda kimoja tu. Ukienda kumsalimu alikupa wewe ukalie, yeye akasimama, basi na wewe unaona haya, unaondoka. Sikuwahi kumwona anacheka na mtu kwa nafasi. Nilidhani mtu anayejua kumtafutia kila mwenzake mahali pake atakuwa na pake tele. Hakuwa napo. Shamba lake lilipakana na langu, jioni naona moshi wake na yeye anaona wangu, watu wawili wapweke tumetenganishwa na safu ya mihogo, na hakuna aliyemwita mwenzake. Sijui tulikuwa tunaogopa nini.

Mara moja tu tulisafiri pamoja. Ilikuwa wakati ule chumvi na sabuni zimeadimika, kila kitu magendo. Yeye alikuwa anatafuta kibali cha baiskeli yake kuukuu, mimi nilikuwa nakwenda sokoni Arua, tukapanda lori moja. Nilipomaliza sokoni nilimfuata kule Arua Hill, kwenye ofisi, nikamkuta kwenye benchi katika foleni. Karani alikuwa mtu mzuri. Akamwona mvi zake, akasema, "Mzee, pita mbele."

"Mahali yangu iko hapa," akajibu, wala hakuinuka.

Muda si muda akaja tajiri mmoja, wale tuliowaita mafutamingi, shati linang'aa, akaipita foleni nzima akashika kitasa cha mlango. Mkata-ngwe akasimama na ile sauti yake ya shambani: "Wewe! Rudi nyuma, watu iko hapa!" Loo! Miaka ile mtu hakusema hivyo. Kulikuwa na askari wamesimama uani. Nikamvuta shati, nikamwambia mzee, tafadhali, kaa chini. Yule tajiri alimtazama, akacheka kidogo, akaingia. Mzee akarudi kwenye benchi akakaa hadi ofisi inafungwa, na kibali hakupata.

Njiani nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya woga wangu. Nikamwambia, "Mzee, wewe mwenyewe hujawahi kukata sawa. Umeambiwa pita mbele, umekataa. Sasa leo unapigania sawa ya nini?"

Akafikiri mpaka tukapita daraja. "Kulima inataka nguvu," akasema. "Kungoja haitaki nguvu. Mutu yote anaweza kungoja." 

Sasa nisimulie siku ya shemeji. Msimu ulipokaribia tulikuwa na kikao cha kupanga zamu, na shemeji akasimama, kifua mbele. "Mzee huyu anatugawa," akasema. "Serikali inasema watu yote iko sawa. Mimi jeshini nilibeba mzigo sawa na wenzangu. Kama kibuyu iko sawa, ngwe iko sawa. Asiyeweza atoke kwa zamu, arudi kwao." Wala hakunitazama. Vijana wakapiga makofi, na kusema kweli maneno yenyewe yalisikika ya haki. Hata mimi nilishindwa pa kuyashikia. Nikamkodolea macho Mkata-ngwe, akatae, atukane, afanye lolote.

Yeye akauliza tu, "Nyote mnasema hivyo?"

"Ndiyo!"

"Haya. Zamu inaanza kwa nani?"

"Kwangu," akasema shemeji kwa fahari.

"Haya."

Nilirudi nyumbani roho imenipasuka. Nilijiona nimefunga virago, niko barabarani kwenda kwa ndugu zangu, na shemeji anapanda mihogo yake hadi mlangoni kwangu. Siku yenyewe ilipofika Mkata-ngwe akakata ngwe zote sawa, hakupunja hata unyayo. Yangu akaiweka pembeni kama kawaida, lakini pana kama ya shemeji. Nikamnong'oneza, "Mzee, unaniua?"

"Lima," akasema. "Usiite mutu."

Wenzangu walipoanza kusema imeisha, mimi sikuwa hata nimefika theluthi. Sauti zikapita katika safu moja baada ya nyingine, kisha kimya, na wote wakasimama wameegemea majembe, wananitazama. Mimi naparura. Wanawake walioacha watoto wachanga nyumbani walikuwa wamelowa maziwa vifuani. Mmoja akanisonya. Sikumlaumu. Shemeji akaita kwa sauti ya huruma, "Mukongo, ita mutu akusaidie!" Nilijua wazi kwamba nikiita tu, nimekiri siwezi, na asiyeweza atoke. Sikuita. Machozi na jasho vilikuwa vinaingia kinywani pamoja.

"Bwana, kata safu nyingine," shemeji akamwambia mzee. "Jua inakwenda."

"Mutu moja hajamaliza."

"Huyu ameshindwa!"

"Amesema ameshindwa?"

Shemeji akanigeukia; mimi nikainua jembe tena.

"Basi tunangoja. Si iko sawa yote?"

Na hapo, jamani, ndipo watu walipoanza kuelewa. Safu ya pili isingekatwa mpaka mimi nimesema yangu. Shamba la shemeji lilishuka hadi mtoni, lina safu nyingi, na siku yake ilikuwa hiyo moja, kesho zamu ya mwingine. Walimaji wote wenye nguvu wa Lurujo walikuwa wamesimama ndani ya shamba lake mikono mitupu, wanangoja mwanamke wa mkono mmoja, kwa sababu ya sheria yake mwenyewe. Shemeji aliangalia mto, akaniangalia mimi, akaangalia mto. Angeweza kuingia kunisaidia, lakini kuingia bila kuitwa hakuthubutu mbele za watu. Nilipopaza sauti, "Imeisha," jua lilikuwa linakwenda upande wa Kongo na mawingu yanakuja. Tukaenda kwenye vyungu wote pamoja. Uji ulikuwa umepoa, pombe imechacha kupita kiasi, na kibuyu changu kilijazwa hadi ukingoni.

Kikao kilichofuata shemeji alisimama tena, safari hii anatazama viatu vyake. "Mzee, kata ile ya zamani."

"Nyote mnasema hivyo?"

"Ndiyo."

Zamu yangu ikafika na shamba langu likalimwa lote, mpaka kwenye mipaka. Shemeji alipewa ngwe pana na aliilima vizuri, sitamnyima haki yake. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwenye chungu. Nikachukua kibuyu cha Mkata-ngwe nikampelekea mwenyewe nyuma ya ghala, nina maneno mengi ya shukrani mdomoni. Hakugeuka. "Weka chini," akasema. Nikaweka chini, nikaondoka.

Mwaka wa sabini na tisa vita vikafika kwetu. Kwanza walipita askari wanaokimbia, halafu zikaja habari za wanaowafuata, na watu wakafunga vitu vichwani wakavuka mpaka, wengine Sudani, wengine Kongo. Mimi nilikimbilia kwa ndugu zangu. Walinipokea vizuri, vizuri mno. Wakanipa mkeka, kivuli, chakula cha kwanza kutoka chunguni. Nikishika jembe, mtoto anatumwa aniondolee. Nikiinama kufagia, shangazi anapokea ufagio. "Dada, kaa tu." Nilikaa. Asubuhi wanakwenda shambani wote wanacheka, mimi nabaki na kuku. Sijawahi kuwa peke yangu maishani kama katika upendo ule. Mvua za pili zilipoanza nikawaaga. Wakasema nimerukwa na akili, huko kuna nini sasa? Nikafunga virago, nikashika njia.

Lurujo hakukuwa na moshi wala jogoo. Nyasi zilikuwa zimefika milangoni. Nyumba ya shemeji haina paa. Nikafika kwangu, nikapapasa darini, jembe langu lipo. Nilikuwa nimesimama hapo sijui nianzie wapi niliposikia jembe jingine, mbali, polepole, kwa upande wa shamba la mama wa mapacha, yule ambaye zamu yake ilikuwa inafuata tulipokimbia.

Alikuwa yeye, amekonda, suruali imefungwa kwa ukambaa. Nikashindwa kumsalimu, maana nilikuwa natazama ardhi. Alikuwa amezikata ngwe zote. Safu nzima, vigingi vimesimama, kama vile Lurujo yote itakuja asubuhi ile na majembe begani.

"Mzee, hukukimbia?"

"Magoti ilikataa."

"Na hizi za nani?"

"Zao." Akanionyesha kwa kidevu. "Ile ya binti wa mfinyanzi. Hii ya shemeji yako, wanasema iko Sudani." Ya shemeji ilikuwa pana, ya haki yake.

"Lakini mzee, watu hawapo."

"Najua hawapo. Nani alisema watolewe kwa zamu?"

 Nikaenda moja kwa moja pembeni, kwenye kichuguu, kwenye ile nyembamba kuliko zote, nikaubana mpini kwapani, nikainua.

"Toka hapo, Mukongo."

Nikageuka.

"Hiyo iko yangu," akasema. "Yako ile ya katikati."

Nikaitazama ile ya katikati, karibu na njia, mahali pake pa miaka yote. Haikuwa pana kama alivyojikatia yeye zamani, ila ilikuwa pana kuliko yoyote niliyowahi kupewa. Kisha nikaitazama ya pembeni. Haikufika upana wa mkeka. 

"Mzee, ile siwezi."

"Unaweza. Nimepima."

"Umenipima lini? Nimetoka Kongo sasa hivi."

"Nimekuona barabarani unakuja."

Nikalima. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umejifunza mengi kwa miaka ile bila mimi kujua, na udongo ulikuwa laini kwa mvua. Nikafika kichwani. Nikasema, "Imeisha," kwa zile ngwe tupu, na hakuna sauti iliyofuata. Nilipoangalia pembeni yeye alikuwa bado karibu na mwanzo, anainua jembe, anapumzika, anainua tena. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Ningeingia ningekimaliza mara moja. Nilimngoja aniite. Hakuniita.

Basi nikasimama nimeegemea jembe, nimegeuzia uso barabarani ili nisimtazame. Hakuna chungu kilichokuwa kikitungoja mahali popote. Kungoja hakutaki nguvu, aliniambia siku ile tukitoka Arua. Alikosea, mzee wa watu. Kulitaka nguvu zote nilizokuwa nazo. Jua likapanda, likanipiga utosini, likaanza kushuka, na nyuma yangu lile jembe likaendelea, likanyamaza, likaendelea, mpaka likanyamaza moja kwa moja. Sikugeuka.

"Imeisha!" akasema, kwa sauti kubwa, ya kusikika hadi mwisho wa safu.